Papa Anayelala, na Samaki wa Magadi

Hapa Kitengela, Kajiado, tuko zaidi ya kilomita 400 kutoka Mombasa, na watoto wetu wanamjua papa kwa picha tu: meno nje, mbio zisizokoma. Wengi wanaamini papa akitulia anakufa. Kwa baadhi yao ni kweli. Lakini kwenye matumbawe ya Kenya, Tanzania na Madagaska, Mungu ameweka papa mwingine, anayejilaza kwenye sakafu ya bahari, akivuta maji kwa mdomo na kuyasukuma kupitia matamvua. Pumzi haimpungukii.

Wanasayansi humwita Pseudoginglymostoma brevicaudatum. Neno la pili ni Kilatini, maana yake mkia mfupi, na kweli mkia wake haufiki hata humusi ya urefu wa mwili. Akikua sana hufika kama sentimita 75. Ukitaka kumtambua, tazama mapezi mawili ya mgongoni: ni ya mviringo na yanakaribia kulingana. Mdomo ni mdogo, uko mbele ya macho, na puani ana visharubu viwili vifupi. Rangi ni hudhurungi bila madoa. Usimchanganye na ndugu yake Nebrius ferrugineus, anayeweza kufika mita 3, mwenye mapezi ya ncha na mkia mrefu.

Mimi hushangaa zaidi nikifikiria damu yake. Maji ya bahari yana chumvi nyingi, nayo chumvi huvuta maji kutoka mwilini. Papa hujikinga kwa kuhifadhi urea, kitu kilekile ambacho sisi tunakitoa kwa mkojo. Aliyewahi kununua papa aliyechelewa sokoni anaijua harufu yake: ni urea hiyo iliyogeuka amonia.

Sasa geuka utazame Kajiado yetu. Katika chemchemi za moto za Ziwa Magadi anaishi samaki mdogo wa jamii ya tilapia, Alcolapia grahami. Samaki wengi hutoa taka za mwili kama amonia kupitia matamvua, lakini katika maji makali ya magadi njia hiyo haifai. Huyu amepewa uwezo wa kuigeuza amonia kuwa urea, kisha anaitoa. Papa anaishi kwa kuiweka, samaki wa Magadi anaishi kwa kuitoa. Ni Muumba yuleyule, chumvini na motoni, na dawa ni ileile moja! Sijaona maabara iliyobuni jambo la upole kama hilo.

Papa huyu mdogo sasa yumo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, kwa sababu ya nyavu na kuharibiwa kwa matumbawe anamolala. Ni mgumu, huweza kustahimili saa kadhaa nje ya maji. Basi ndugu mvuvi, ukimkuta hai wavuni, bado hujachelewa: mrudishe.