Minazi Isiyoandikwa



Padre aliniomba niandike neno juu ya ndoa. Nilikusudia kuandika habari za arusi, ambazo hufurahisha kila mtu, lakini jambo lililotokea hapa Kilindoni limenigeuza. Ndugu mmoja wa kwetu, ambaye ameniruhusu kulisimulia bila jina, alikuja nyumbani jioni moja na karatasi mkononi. Baraza la Usuluhishi la Ndoa lilikwisha kujaribu na kushindwa, na sasa mkewe ameomba mahakamani talaka, mgawanyo wa mali na matunzo ya watoto. Alitaka nimnakilie orodha ya mali yao, kwa kuwa mwandiko wangu ni wa ubaoni, unasomeka.

Nikaisoma. Nyumba ya vyumba viwili, cherehani, baiskeli, vitanda, vyombo vya jikoni.

Nikamwuliza, “Na minazi?”

Akanyamaza kidogo. “Mwalimu, ile ni ya ukoo.”

“Yote?”

Hapo akatazama chini. Kumi na mitano aliirithi kwa baba yake. Mingine waliipanda wenyewe, yeye akichimba mashimo na mkewe akiteka maji kisimani. Tena ilikuwapo sehemu yake katika mashua, iliyoandikwa kwa jina la nduguye.

Nikamfungulia Matendo ya Mitume, sura ya 5. Habari ya Anania na Safira tumezoea kuihubiri siku ya kuchangisha fedha, na watu hukaza mifuko yao. Lakini isomeni tena taratibu. Petro hakumlaumu Anania kwa kuwa na kiwanja, wala kwa kubakiza fedha. Alimwambia wazi kwamba mali ilikuwa yake, na hata ilipouzwa thamani yake ilikuwa mkononi mwake. Kosa lake ni kuleta sehemu na kuifanya ionekane kuwa ndiyo yote. Na mkewe, baada ya saa tatu hivi, aliulizwa peke yake. Mahakamani nako mume na mke husimama kila mmoja peke yake, na Mkristo hushika Biblia na kuapa. Kusema uongo baada ya hapo ni kosa la jinai, lakini mimi naiogopa zaidi ile Biblia.

Wengi hudhani kuandika mali ni kuitoa. Sivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yahusu kugawanya mali waliyoichuma wote wawili katika ndoa. Aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa huingia humo tu kama mwenzake, au wote wawili kwa pamoja, wameiendeleza kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo minazi ya urithi iandikwe, na asili yake ielezwe: imetoka kwa nani, mwaka gani, nani aliipalilia. Hapa kwetu mnazi waweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine. Hilo nalo liandikwe. Hakimu ndiye atakayepima. Yeye huangalia mila, mchango wa kila mmoja, madeni waliyokopa kwa faida yao wote, na mahitaji ya watoto wadogo.

Huko Uingereza wenye mashauri ya namna hii hujaza fomu ndefu na kuambatisha karatasi za benki za miezi kumi na miwili. Kwetu mtu hueleza katika maombi yake na ushahidi wake, na kuleta vielelezo alivyo navyo. Mengi yameachiwa dhamiri.

Akina mama, msicheke. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Mnalitaja sana, na mna haki. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mumewe alikuwa amempa fedha za mradi wa familia naye akazitapanya. Basi fedha za kikoba na zilizomo katika simu ziandikwe pia.

Na watoto je? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama itazame kipato na mali ya wazazi wote wawili kabla ya kuamuru matunzo. Mashua ikifichwa, ni ada na sare za shule za mtoto zinazopungua.

Mimi si mwema kuliko ndugu yule. Nilipostaafu ualimu chuoni nilimtajia mke wangu kiinua mgongo pungufu ya nilichopokea, na karatasi ya benki nikaificha ndani ya kamusi. Miaka mitatu! Kumbe aliiona mwezi wa kwanza, akanyamaza akingoja niseme mwenyewe. Ile miaka mitatu ya kunyamaza kwake hunichoma mpaka leo.

Ndugu yule aliondoka bila kuniaga vizuri. Juma la pili alirudi na karatasi nyingine: minazi 15 ya baba, minazi 43 ya nyumbani, sehemu ya mashua, na deni la nyavu ambalo kwanza hakuliandika, ingawa lilikuwa la kumsaidia yeye. Shauri bado linaendelea. Tuwakumbuke wote wawili na watoto wao katika sala zetu.

Mwenye karatasi kama ile na aje kwangu Jumamosi baada ya saa kumi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, hivyo tutaandika kama tunavyosema. Aje na risiti zake.