Picha ya Ua na Mguu wa Mpigaji

Wako watu wapandao milima ya Usambara kupiga picha za maua ya mwituni. Je, asiyechuma ua hana deni kwalo?

Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliona huko ua dogo la zambarau, likapelekwa Ujerumani. Leo wazao wake wamo vyunguni katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Bali kwao lazidi kupungukiwa na makao, kwa kuwa misitu hukatwa.

Twakubali kwamba kupiga picha ni bora kuliko kuchuma. Lakini ua hili humea miambani, penye udongo mwembamba; mguu mmoja waweza kuubandua pamoja na mche. Naye akataye tawi apate nuru, huondoa kivuli kiliponyacho ua. Tena atangazaye mahali pake, humwonyesha njia mwenye kung'oa.

Basi kutochuma peke yake hakutoshi. Kabla ya kutazama ua, na tutazame tunapokanyaga. Na kama hapana mahali pa kusimama pasipo kudhuru, tufunge kamera, tulitazame kwa macho, tupite.