Bei Asiyoilipa Mtu

Ukitangaza bei ambayo hakuna mnunuzi hata mmoja atakayeilipa, umesema uongo au hujasema? Swali la namna hii kwetu Lamu lingepelekwa kwa mashekhe baada ya Alasiri. Mimi nimekutana nalo Hyderabad, India, nilikoolewa, na lilinijia kwa sura ya gari dogo jeupe la milango mitano, lile la mlango wa nyuma unaonyanyuka pamoja na kioo chake.

Huku gari jipya lina bei mbili. Ya kwanza ni bei ya shorumu, ndiyo inayobandikwa kwenye mabango. Ya pili ni bei ya barabarani, ndiyo unayolipa mpaka gurudumu likanyage lami. Gari nililolitaka lilitangazwa kwa rupia laki sita na nusu. Ndani ya hizo tayari imo GST, kodi ya bidhaa na huduma, ambayo tangu Septemba 22, 2025 ni asilimia 18 kwa gari la petroli lisilozidi mita nne kwa urefu na cc 1,200 kwa injini. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 28, na moja ya ziada juu yake. Kwa gari la bei hii, nafuu hiyo inafika kama rupia elfu sitini, na si haba. Mji mzima ulijaa matangazo kwamba bei zimeshuka, watu waje wachukue magari kabla ya Dhanteras, siku ambayo Wahindu huona ni ya heri kununua vitu vya thamani.

Kilichonyamaziwa na matangazo ni yale yanayofuata. Jimbo letu la Telangana linatoza kodi ya barabara asilimia 14 kwa gari la kati ya laki tano na laki kumi, kwa hiyo ongeza rupia 91,000. Gari hilohilo, la kiwanda hichohicho, lingesajiliwa Delhi lingetozwa asilimia 7, yaani 45,500. Bima ndogo, ile ya kuwalinda wengine barabarani, hulipwa ya miaka mitatu kwa mkupuo: rupia 10,640 kabla ya kodi kwa injini ya ukubwa huu. Halafu bima kubwa ya mwaka wa kwanza, ada ya usajili, na stika ya FASTag ya kupitia vituo vya ushuru kwenye barabara kuu.

Kijana wa mauzo alikuwa mpole, akiniita Apa, kama wanavyomwita hapa dada mkubwa. Alinipigia hesabu nyuma ya broshua kwa kalamu ya wino wa buluu. Laki sita na nusu aliiandika kubwa, akaizungushia duara. Zilizobaki alizipanga chini yake kwa mwandiko mdogo, moja baada ya nyingine. Kati ya usajili na bima aliingiza herufi mbili tu, H.C., na mbele yake elfu tisa. Mimi kazi yangu ni kuandika vitabu vya hesabu vya duka la dawa, na jicho langu limezoea kusimama penye ufupisho.

"Hii ni ya serikali?" nikamuuliza.

"Hiyo ni ya kawaida, Apa."

Baadaye nikajua kwamba herufi hizo ni ada ya "kuhudumia" gari, yaani kulitoa kwenye ghala la muuzaji na kulileta kwenye duka la muuzaji yuleyule.

Baba mkwe hakuona ajabu. Yeye ni mtu wa Barkas, mtaa wa watu wenye asili ya Hadhramaut, ambao babu zao walikuja kuwa askari wa Nizam, mtawala wa zamani wa Hyderabad. Ni wa madhehebu ya Shafi kama sisi wa pwani, katikati ya mji wa Wahanafi. "Mwanangu," akaniambia, "nani hapa asiyejua kwamba bei ya shorumu siyo bei? Neno linalojulikana na watu wote halimdanganyi mtu." Hoja yake ina mizizi. Wanazuoni wameweka kanuni kwamba ada ya watu, yaani mazoea yao, ni hakimu: kilichozoeleka sokoni huhesabika kama kimesemwa, hata kama hakikutamkwa. Ukinunua nazi hukubaliani na muuzaji kwamba maji yake pia ni yako.

Nami sikubishana naye katika kanuni. Nilibishana naye katika mahali pa kuitumia. Kodi ya barabara imeandikwa kwenye sheria ya jimbo, na ada ya bima ndogo imepangwa na serikali. Anayetaka kuvijua atavijua kabla hajatoka nyumbani, na kiwango ni kimoja kwa tajiri na kwa maskini. Hapo naikubali kanuni ya mazoea. Lakini H.C. ni elfu tisa kwangu, kumi na tano kwa mgeni anayeonekana ana haraka, na sifuri kwa mwenye mjomba polisi. Jambo linalobadilika kwa kila uso haliwezi kuitwa mazoea ya watu wote. Hayo ni mazoea ya upande mmoja tu, wa muuzaji.

Fiqhi ya biashara niliyofundishwa nikiwa mdogo inaanza na sharti kwamba bei ijulikane na pande zote mbili wakati wa kufunga mkataba. Haisemi iwe ndogo. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliombwa awapangie watu bei zilipopanda, akakataa, akaliacha jambo hilo kwa Mwenyezi Mungu. Lakini alipopita kwa muuza nafaka akatia mkono ndani ya rundo na kukuta unyevu, hakuliacha. Muuzaji alijitetea kwamba ni mvua tu, naye akaulizwa kwa nini basi ile iliyolowa haikuwekwa juu watu waione. Aliyekuwa huru kuuza kwa bei aitakayo hakuwa huru kuficha.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi, kwa sababu unamhusu mfanyabiashara mkweli anayetafuta maneno. Al-Marghinani, mwanachuoni wa Farghana aliyefariki mwaka 1197, katika Al-Hidaya, kitabu kinachosomeshwa mpaka leo katika madrasa za India, anaeleza mauzo ya murabaha, ambayo muuzaji humtajia mnunuzi mtaji wake kisha huongeza faida iliyo wazi. Je, aliyenunua nguo akalipa mtia rangi na mchukuzi anaweza kuzijumlisha gharama hizo? Anaweza. Lakini asiseme "nimeinunua kwa kiasi hiki", maana hakuinunua hivyo. Aseme imemsimamia kwa kiasi hiki. Jumla inabaki ileile, na faida ileile. Kinacholindwa hapo ni ulimi.

Kwa mizani hiyo, bei ya shorumu haina hatia ikiitwa kwa jina lake: hiki ndicho kiasi cha gari likiwa bado haliwezi kisheria kutoka mlangoni. Makosa yanaanza pale inaposimama peke yake kwenye bango kana kwamba ndiyo yote. Na kuna bei ya tatu, ndogo kuliko zote, ya kila mwezi. Kopa laki sita kwa riba ya asilimia 9 kwa miaka mitano, utaambiwa ni elfu kumi na mbili na mia nne na kitu tu kwa mwezi. Zijumlishe: karibu laki saba na elfu 47. Riba kwetu ni haramu, India haina benki za Kiislamu, na mwaka 2017 Benki Kuu ya nchi iliamua kutoliendeleza wazo hilo, kwa hiyo sisi tulisubiri mpaka fedha anazotuma mume wangu kutoka Jeddah zikatosha. Wanazuoni wengi wanaruhusu kuuza kwa malipo ya baadaye kwa bei ya juu zaidi, ilimradi jumla itajwe pale pale na isiongezeke tena ukichelewa. Anayeona hakuna tofauti kati ya hiyo na riba ajaribu kuchelewa miezi mitatu.

Mpaka hapa nimemlaumu muuzaji, na mnunuzi anafurahi kusoma. Ila ndani ya shorumu ile niliwasikia wanunuzi wakilalamika, na malalamiko yao hayakuchagua. Kodi, bima, H.C., vyote viliitwa wizi kwa pumzi moja. Hapo ndipo ninapoachana nao.

Chukua bima ndogo ya miaka mitatu. Sheria ya Magari ya India ya mwaka 1988 ilikwisha kumlazimisha kila mwenye gari awe nayo, lakini watu walikuwa wakikata ya mwaka mmoja kwa ajili ya kusajili, kisha wanaiacha ife. Aliyegongwa na gari la namna hiyo alibaki na hukumu ya kulipwa fidia na mtu asiye na kitu. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikaamuru gari jipya liuzwe na bima hiyo ya miaka mitatu mapema. Takwimu za serikali za mwaka 2022 zinataja watu 168,491 waliofariki kwa ajali za barabarani nchini humu. Rupia 10,640 zile si zangu wala si za muuzaji. Ni za muuza mboga anayesukuma rukwama alfajiri, ambaye huenda siku moja nikamgonga mimi.

Najua baraza la fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, mwaka 1985, liliiona bima ya kibiashara kuwa ni haramu na ile ya kushirikiana kuwa halali. Najua pia kwamba Mustafa al-Zarqa wa Syria aliitetea, akiilinganisha na akila: ukoo unaochanga kulipa diya, yaani fidia ya damu, pale mmoja wao anapoua bila kukusudia. Mimi si wa kuamua kati yao. Ninachokiona ni kwamba swali lililozaa akila ndilo lililozaa amri ya mwaka 2018: aliyeuawa kwa bahati mbaya atalipwa na nani, ikiwa aliyemuua hana?

Bei ikishuka mno, uliza pia ni nani aliyeibeba. Januari 2008 kampuni ya Tata iliionyesha dunia gari la Nano, ikaahidi laki moja, na watu wakashangilia. Hata hiyo laki ilikuwa bei ya kiwandani, si ya barabarani. Na kiwanda chenyewe kilikuwa kikijengwa Singur, Bengal Magharibi, juu ya mashamba ambayo serikali ya jimbo iliyatwaa na wakulima wengi wakagoma kuyatoa. Mwaka huohuo mradi ukahamia Sanand, Gujarat. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ikafuta utwaaji ule na kuamuru ardhi irudishwe. Wenye mashamba walikuwa wamechangia gari wasilolinunua, na mchango wao haukuandikwa kwenye risiti ya mtu yeyote.

Nilirudi shorumu nikamwomba kijana aiandike ile H.C. kwenye risiti kwa jina kamili, pamoja na kazi iliyofanywa kwa elfu tisa hizo. Akaenda kwa meneja, akarudi, akaifuta kwa mstari bila maneno. Kodi na bima hazikuhitaji kufutwa, kwa kuwa zote mbili zilikuwa na majina yao kamili na mahali zinapokwenda.

Jibu langu kwa swali la mwanzo, basi, ni hili. Namba ndogo haiwi uongo kwa udogo wake. Huwa uongo inapotumiwa kuwaficha wanaolipwa na wanaolipa. Muuzaji anadaiwa kuweka kilicholowa juu ya rundo. Mnunuzi naye anadaiwa maswali mawili kabla hajafungua mkoba: mpaka barabarani ni ngapi, na kila rupia inakwenda kwa nani? Akishajibiwa, akatae ile isiyo na mwenyewe anayetajika, na zile ambazo mwenyewe ni mtu asiyemjua azilipe bila kinyongo, kwa sababu barabara atakayopita ni ya huyo pia.