Dawa Imefika Kwenye Uvimbe, Haijafika Nchelenge

Ndugu zangu wanafunzi, mwaka 1995 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani iliyobebwa na chembe za nano. Ni doksorubisini, dawa ya zamani, nyekundu, inayojulikana kwa kudhuru moyo, ila safari hii ilifungwa ndani ya vitufe vya mafuta viitwavyo liposomu. Panga vitufe elfu kumi kwa mstari, utapata kama milimita moja. Mishipa ya damu ya uvimbe huvuja kuliko mishipa mizima, basi kitufe hupenya hapo na moyo husalimika zaidi. Subhanallah.

Dawa hiyo iliidhinishwa kwanza kwa sakoma ya Kaposi, saratani inayowapata wenye UKIMWI. Ugonjwa huo umetuelemea zaidi sisi wa ukanda huu wa Afrika, Zambia ikiwemo.

Sasa mfikirie mvuvi wa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, aliyeota madoa meusi mguuni. Hospitali ya saratani iko Lusaka, kama kilomita 1,000 kwa barabara. Auze nyavu apate nauli?

Imam Ghazali, katika Ihya, aliihesabu tiba kuwa fardhi kifaya, akalalamika kwamba ipo miji isiyo na tabibu Mwislamu huku watu wakisongamana kwenye fiqhi, kwa kuwa huko ndiko kwenye vyeo. Wengi wetu tunaichukua fardhi kifaya kama ruhusa: akifanya fulani, sisi tumepona. Lakini kifaya ni kutosheleza. Ikiwa dawa ipo na mgonjwa haipati, nani ametosheleza?

Kuna atakayesema Nchelenge ina malaria inayoua watoto, nano ya nini? Ana hoja. Fedha zingekuwa zangu, ningenunua vyandarua kwanza. Ila hoja hiyo haimfuti mvuvi wetu, na wala yeye hahitaji nano ndipo apate nafuu. Madoa yakiwa machache, dawa za ARV peke yake huweza kuyapunguza. Anachokosa ni mtu wa kuutazama ule mguu mapema na kujua anachokiona.

Nahofia msongamano aliousema Ghazali umehamia maabara. Kila mmoja anataka utafiti wa chembe za nano, na kituo cha afya cha ziwani hakina anayekitaka. Nami nikiri: fomu niliyojaza mwezi uliopita haikuwa ya kwenda ziwani.