Lugha ya Amri na Lugha ya Baraza

Mwanafunzi wa Uganda aanzapo kujifunza Kiswahili, maneno ya kwanza ayasikiayo aghalabu ni haya: Simama. Keti. Fungua kitabu. Nyamaza. Ni maneno mafupi, tena mepesi kufundisha. Lakini hapa kwetu yana uzito wake. Kwa miaka mingi raia wengi walikijua Kiswahili kama lugha ya kambi za askari na vituo vya polisi. Na kilipotangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kilitangazwa kwa amri ya utawala wa kijeshi. Hivyo sisi tunaokifundisha yatupasa kujiuliza: je, twamfunza kijana kutii tu, au twamfunza pia kushiriki katika mambo ya nchi yake?

Sheria haina kizuizi. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 4, yaitaka Serikali ieneze maarifa ya Katiba kwa kuitafsiri katika lugha za nchi na kuifundisha katika shule na vyuo vyote. Marekebisho ya mwaka 2005 yakakipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili. Mtu atimizapo miaka 18 ana haki ya kupiga kura, na kijijini kwake huwa mjumbe wa baraza la kijiji, lenye kuchagua kamati yake. Lakini haki isiyoulizwa husinzia. Kati ya mwaka 2001 na mwaka 2018 uchaguzi wa kamati hizo haukufanyika. Mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa muda huo alikaribia utu uzima bila kuuona hata mara moja. Na kijana aliyezoea kunyamazishwa darasani, ulimi wa kusemea barazani ataupata wapi?

Nasema haya kwa kuwa nimekosa mwenyewe. Siku moja nilieleza darasani habari za mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ulioanza mwaka 1997. Nikaandika ubaoni kwamba mwanzoni mpango ule ulichukua watoto wanne wa kila familia bila karo. Nia yangu ilikuwa upatanisho wa ngeli tu: watoto wanne, si watoto nne. Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, kwa nini wanne? Na mtoto wa tano alihesabiwa kuwa wa nani?" Wenzake wakacheka. Nikamwambia aketi, tuendelee.

Sikuwa na hasira. Nilikuwa na haraka. Lakini usiku ule swali lake halikuniacha. Fedha za umma zisipotosha, nani apewe kwanza, nani asubiri, na nani mwenye kuamua? Hiyo ndiyo sera, na yeye aliifikia kwa maneno machache. Nami nilikuwa nimemfunza, kwa Kiswahili sanifu, kwamba jibu la swali kama hilo ni "Keti".

Juma lililofuata nilimwomba radhi mbele ya wenzake, nikalirudisha swali. Darasa likagawanyika. Wengine walisema mpaka haukuepukika, kwa kuwa walimu na vyumba havikutosha. Wengine wakasema hakuna mtoto achaguaye kuzaliwa wa tano. Niliweka masharti mawili: kila msemaji kwanza aeleze hoja ya aliyemtangulia hata mwenyewe akiri kuwa ndivyo alivyosema, kisha aseme yeye angefanya nini kwa fedha zilezile. Hakuna zoezi la kitabu lililopata kuwatoa "ningefanya" na "tungeweza" nyingi kiasi kile.

Wapo watakaosema kuwa shule si bunge, na kwamba mtoto akizoea kuhoji atavuka mipaka ya adabu. Samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu yatutia hofu: samaki hukauka na umbo alilokunjwa. Tukimkunja kijana katika ukimya, tusistaajabu akikauka vivyo hivyo. Kweli yapo mambo yasiyopigiwa kura, kama jibu la hesabu au usalama wa watoto. Lakini aombaye sababu hajamnyang'anya mwalimu cheo chake.

Wengine wataogopa siasa, nao wana haki. Mwalimu asikipigie debe chama chochote darasani, maana wasikilizaji wake hawana ruhusa ya kuondoka. Hata hivyo, kumfunza mtu kupima hoja si kumwambia ampigie nani kura.

Ugumu ulio mkubwa zaidi ni mwingine. Vijana wakijifunza vema, hawataishia kwenye sera za mwaka 1997. Watauliza habari za chakula cha shule, za adhabu, za ratiba. Na siku moja wataniuliza habari za uamuzi wangu mimi. Hapo ndipo itakapojulikana kama nililiamini nililolifundisha.

Basi, ndugu walimu, tuendelee kufundisha Simama na Keti, maana darasa lahitaji utaratibu. Lakini katika juma lilo hilo la kwanza tufundishe pia "Kwa nini?", na tutakapoulizwa sisi, tujibu.