Dagaa wa Maji Yapi?

Mbesa, mkoani Ruvuma, iko mbali na maji makubwa. Magharibi kuna Ziwa Nyasa, mashariki Bahari ya Hindi. Samaki wengi wa dukani hufika wakiwa wakavu, ndani ya magunia.

Kijana mmoja mwenye duka alitaka kuuza dagaa. Alizoea wale wa Nyasa, basi akadhani ndio dagaa wote. Akampigia simu muuzaji wa jumla Songea: "Dagaa wapo?" Akajibiwa: "Wapo, tena bei poa." Akatuma fedha za magunia matatu, asiulize la pili.

Mzigo ulipofika, wateja wa asubuhi walirudi jioni wamenuna. Dagaa ni wadogo, na kila tonge lina mchanga. Kumbe walikuwa wa Ziwa Victoria, tena walioanikwa chini ufukweni. Kijana akapiga simu kwa hasira. "Uliomba dagaa, nimekupa dagaa," muuzaji akasema, wala hakudanganya. Wa Kigoma, wa Mwanza, wa Nyasa na wa baharini, wote sokoni ni dagaa, ingawa ni samaki mbalimbali, kila mmoja na ladha yake na bei yake. Kijana alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Bibi mmoja aliyekulia Lindi akamwambia: "Mjukuu wangu, shukuru umepoteza fedha tu. Kwetu pwani yuko bunju, yule anayejivimbisha. Akishachunwa ngozi na kukatwa kichwa, nani atamtambua? Ukiambiwa ni changu, utapika, utakula, utakufa."

Bibi hakutia chumvi. Sumu ya bunju haiishi kwa kuchemshwa wala kukaangwa, na haina dawa ya kuiondoa. Midomo hufa ganzi, viungo hulegea, pumzi hukata. Anayewahi hospitali husaidiwa kupumua mpaka mwili uitoe sumu wenyewe.

Yale magunia yaliishia kwa wafuga kuku, kwa hasara. Tangu hapo kijana haagizi kabla ya kuuliza: wametoka maji yapi? Walianikwa mchangani au kwenye kichanja? Naweza kuletewa kilo moja kwanza?

Funzo: jina peke yake lisikutoe fedha mfukoni. Fungua gunia, onja, ndipo ulipe. Na minofu isiyo na ngozi wala kichwa, kutoka kwa muuzaji usiyemjua, iache hapohapo mezani kwake.