Ngome ya Lamu Ikifurika Watu

Tamasha la Utamaduni la Lamu likifika, uwanja wa Mkunguni haupitiki. Kwenye gati punda wanatimuliwa mbio, majahazi yanashindania upepo, wazee wameinamia bao, na kirumbizi kinachezwa kwa fimbo huku zumari ikilia. Kutazama ni bure. Jua likichoma, umati huo wote hutafuta kivuli, na jengo lililo mbele yao ni Ngome ya Lamu, ambayo leo ni makumbusho.

Siku za kawaida mhudumu wa ngome hukata tiketi, akawazungusha wageni wawili watatu, akarudi kuketi. Siku ya tamasha yeye ni bawabu, mwalimu na mbeba viti. Huyu anamuuliza choo kiko wapi. Yule kaparamia ukuta apigwe picha. Kwenye ngazi wanaopanda wanabanana na wanaoshuka, naye yuko katikati akipungia mikono kama askari wa trafiki, sauti imekauka kabla ya adhuhuri.

Hata hivyo, kero hiyo ina thamani yake. Ngome ilikamilika mwaka 1821, ujenzi wake ukisaidiwa na Sayyid Said, mtawala wa Oman. Serikali ya kikoloni iliigeuza jela, nayo ikabaki jela hadi 1984. Wazee wengi wa mji, basi, waliijua kwa nje tu, wala hawakutamani kuijua kwa ndani. Leo wajukuu wao wanapanda ngazi zile zile mbio, wakiwaita waliobaki chini. Hesabu ya tiketi haina safu ya kuandika jambo hilo.

Ugumu wenyewe uko kwenye vitu visivyoguswa. Katika Makumbusho ya Lamu, jengo jingine pale ukingoni mwa bahari, zimehifadhiwa siwa mbili, yaani baragumu kubwa: ya shaba ya Lamu na ya pembe ya ndovu ya Pate, ndefu kuliko kimo cha mtu. Zilipulizwa kwenye sherehe za watawala na harusi za wakubwa. Mtalii akiambiwa asiguse, ataona ni sheria. Mzee wa Lamu akiambiwa hivyo, tena mbele za watu, ataona amefukuzwa kwao. Mhudumu hodari humwamkia kwanza, akamuuliza aliyoyasikia kwa wakubwa wake kuhusu siwa. Mzee akianza kusimulia, mkono unashuka wenyewe. Adabu hiyo ni sehemu ya uhifadhi sawa na kufuli na kioo, ingawa haionekani kwenye bajeti.

Na bajeti ndiyo inayosahau. Jukwaa, vipaza sauti na zawadi za washindi hupangiwa fedha mapema. Waandaaji waongeze humo zamu ya pili ya wahudumu, maji ya kunywa na chakula cha mchana. Nawe msomaji ukienda, msalimie aliyesimama mlangoni kabla hujamuuliza choo.